Stesheni ya Dar: treni imebaki mjini, lakini mlango tumeutia geti

Ukimwambia mgeni "tukutane Magufuli" jijini Dar es Salaam, mfafanulie vizuri. Kuna Stendi ya Magufuli ya mabasi ya mikoani, iliyoko Mbezi Luis, huko nje kwenye Barabara ya Morogoro. Halafu kuna Stesheni ya Magufuli ya treni za SGR, yaani reli mpya ya kisasa ya umeme, katikati ya mji, ubavuni mwa stesheni ya zamani, mahali ambapo ukitembea dakika chache unafika Mnara wa Saa. Baina ya hizo mbili ni zaidi ya kilomita 20, na foleni ikikaa vibaya hapo Kimara hiyo nayo ni safari inayojitegemea. Aliyepanga majina hayo hakumfikiria dereva wa bajaji.

Majina tuyaache. Kinachonishughulisha ni kwamba katika muda usiofika miaka minne mji huuhuu ulifanya maamuzi mawili yanayopishana. Februari 2021 mabasi ya mikoani yaliondolewa Ubungo yakapelekwa Mbezi, kama ambavyo zamani yaliondolewa Kisutu na Mnazi Mmoja yakapelekwa Ubungo. Mji ukipanuka, basi husukumwa nje. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 14, 2024, iliondokea kwenye eneo lilelile ilikoondokea treni ya Mjerumani. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika mradi mzima, unaushinda hata umeme na mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na ndio unaosemwa kidogo kuliko yote. Bahati mbaya, baada ya kuuleta mlango wa nchi nzima hadi katikati ya mji, tumeusimamishia geti.

Stesheni haikuwekwa pale kwa bahati. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, kwa sababu ya bandari. Bagamoyo ilikuwa na biashara, ilikuwa na msafara wa Tabora na Ujiji, lakini haikuwa na maji ya kina ya kuegesha meli kubwa. Kwa hiyo reli ilipoanza kujengwa mwaka 1905, na kampuni ya Philipp Holzmann ikapewa kazi, ilikuwa lazima ianzie pale ambapo shehena ya meli inaweza kuhamia kwenye behewa bila kuzunguka mji. Ndiyo maana mpaka leo stesheni na bandari vinapakana, na ndiyo maana mtu anayeshuka kwenye treni anaiona bahari kabla hajauona mji vizuri.

Mwaka huohuo wa 1905, mwezi Julai, Vita vya Maji Maji viliwaka kusini. Reli ilikuwa njia ya biashara, ndiyo, lakini kwa serikali iliyokuwa imeshtushwa na wakulima wenye silaha ilikuwa pia njia ya kuwafikisha askari bara kwa haraka. Reli ilifika Morogoro mwishoni mwa 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, jumla ya kilomita 1,252 kutoka baharini hadi ziwani. Ilifuata kwa sehemu kubwa nyayo za misafara ya wapagazi. Tabora na Ujiji zilikuwa miji kabla Mjerumani hajaja, na reli ilichofanya ni kuhamisha mwanzo wa njia kutoka Bagamoyo kuja Dar. Bagamoyo haikuinuka tena kutoka pigo hilo.

Mjerumani mwenyewe hakuifaidi. Miezi michache baada ya reli kufika Kigoma, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Mzigo mkubwa wa kukumbukwa uliopita hapa ulikuwa meli nzima: Graf von Goetzen ilitoka Ujerumani ikiwa vipandevipande ndani ya masanduku, ikapakiwa kwenye mabehewa hapa Dar, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Ndiyo MV Liemba ya leo. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na Wabelgiji wakaichukua Tabora mwezi huohuo. Mwaka 1921 Ubelgiji ikapewa maeneo yake ya kupakia na kupakua hapa bandarini na kule Kigoma, Belbase, kwa ajili ya mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Anayedhani habari ya Dar kuwa lango la nchi za jirani ni kauli mpya ya mawaziri, aanzie hapo.

Tawi la Mwanza lilifunguliwa 1928. Reli ikageuka kuwa mwajiri mkubwa, na pembeni ya stesheni, upande wa Gerezani, zikaota kota za wafanyakazi, karakana, na aina ya mtu ambaye Tanganyika haikuwa naye kabla: mfanyakazi wa mshahara anayejua kwamba akikunja mikono, nchi inasimama. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar walipogoma, mgomo uliruka ukuta ukaingia reli, kisha ukafuata njia ya treni kuelekea bara, kituo kwa kituo. Mwaka 1960 chama cha wafanyakazi wa reli, TRAU, chini ya Kasanga Tumbo, kiliendesha mgomo uliopita siku 80. Uhuru ukaja mwaka uliofuata. Huwa nashangaa kwamba hadithi ya uhuru wetu inasimuliwa Mnazi Mmoja na ukumbi wa Arnautoglu tu, wakati stesheni iko hatua chache na haina hata kibao cha kumbukumbu cha maana kwa watu hao.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwa kuwa kila mtu aliyewahi kupanda treni ya Kigoma anaijua mwilini. Reli yetu ilikuwa sehemu ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki lenye makao makuu na karakana kubwa Nairobi. Jumuiya ilipovunjika 1977 tulibaki na njia ndefu na vifaa pungufu, tukaunda Shirika la Reli Tanzania, TRC. Oktoba 2007 ikakabidhiwa ubia wa miaka 25 na kampuni ya RITES ya India, yenye asilimia 51 ya hisa. Miaka minne haikupita vizuri kabla Serikali haijairudisha mikononi mwake. Katikati ya hayo, mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalifagia njia kati ya Kilosa na Gulwe. Mto Mkondoa umeivunja reli hiyo mara nyingi kiasi kwamba ungedhani una kesi nayo. Treni za bara zikawa zinaanzia Dodoma, na Stesheni ya Dar ikawa stesheni kwa jina, konda wa daladala akiita "Stesheni! Stesheni!" kwa watu wasiokuwa na haja yoyote ya treni.

Ilichukua jambo dogo kuifufua. Oktoba 2012 waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, alianzisha treni ya abiria wa mjini, na wananchi wakaibatiza jina lake papo hapo. Treni ya Mwakyembe ilitoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa kwa reli ya kati, na nyingine ikatumia reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, kwenda Mwakanga. Baadaye njia ya Pugu nayo ikaingizwa. Mabehewa yalikuwa yaleyale makuukuu, watu walijazana mlangoni, lakini mfanyakazi wa Gongo la Mboto alikuwa anafika mjini kabla ya bosi wake mwenye gari. Sijui mradi mwingine wa usafiri Dar uliofanyika kwa gharama ndogo namna ile ukaleta nafuu ya haraka namna ile. Wataalamu walikuwa wamekaa miaka na michoro. Reli ilikuwa ipo, imelala tu.

Hapo ndipo uamuzi wa SGR unapopata uzito wake. Ujenzi ulipoanza 2017, Yapi Merkezi ya Uturuki na Mota-Engil ya Ureno wakiwa wamepewa kipande cha Dar hadi Morogoro, kulikuwa na njia rahisi ya kuishia Pugu. Ardhi ipo, watu wachache, fidia ndogo. Kenya walifanya hivyo. Nairobi ni mji uliozaliwa na stesheni kwa maana halisi: reli kutoka Mombasa ilifika pale Mei 1899, ikaweka yadi na makao makuu, na mji ukaota kuizunguka. Pamoja na ukoo huo wote, SGR yao ya 2017 inaishia Syokimau, na kule Mombasa inaanzia Miritini badala ya stesheni ya kale iliyoko kisiwani. Abiria wa Madaraka Express akishuka Syokimau anahamia treni ndogo ya reli ya zamani ndiyo imfikishe mjini, au anatafuta matatu, au analipa teksi. Siwacheki majirani. Ardhi ya katikati ya Nairobi ni ghali na kuingiza njia mpya mjini si mchezo. Ila huwezi kusema safari imefupishwa kama kipande cha mwisho kimemrudisha abiria kwenye foleni ileile aliyoikimbia.

Dar tulilipa bei ya kuingia. Reli inapita juu ya daraja refu la zege, zaidi ya kilomita mbili, likivuka barabara na mitaa hadi stesheni. Nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya reli zilipigwa alama ya X, na si kila mwenye nyumba aliridhika. Jengo jipya likainuliwa kwa umbo la jiwe la tanzanaiti, kioo na chuma, na yapo mabishano halali kama lilihitaji kuwa la kifahari kiasi kile karibu na majengo ya zamani yaliyo ya chini na ya unyenyekevu. Mimi simo kwenye mabishano hayo. Jengo lingeweza kuwa banda la mabati na bado lingekuwa na thamani, ilimradi liko pale.

Na thamani hiyo ilionekana mara moja. Treni za Dodoma zilianza Julai 25, 2024, Rais Samia akazindua rasmi Agosti 1. Nauli ya kawaida iliyotangazwa ilikuwa Sh31,000 hadi Dodoma na Sh13,000 hadi Morogoro, kwa safari ya Dodoma inayomalizika kwa chini ya saa nne wakati basi linakula mchana mzima. Novemba mwaka huohuo zikaja treni za mchongoko, zile zenye pua iliyochongoka. Hata zile siku za mwanzo, pale TRC ilipotoa taarifa kwamba ngedere na bundi wamegusa miundombinu ya umeme treni ikasimama njiani, watu walitania wiki nzima kisha wakarudi kukata tiketi. Abiria hafuati kioo. Anafuata hesabu: mtu wa Kariakoo anayekwenda Dodoma kwa basi anatumia saa nzima au zaidi kufika Mbezi tu, akiwa bado Dar. Wa treni anatoka dukani kwake kwa miguu.

Sasa geti. SGR imeingia mjini ikaanza kujiendesha kama uwanja wa ndege. Abiria anatakiwa afike saa mbili kabla ya safari. Tiketi ina jina na namba ya kitambulisho. Mzigo unapita kwenye mashine, una kikomo cha kilo, na kuna orodha ya visivyoruhusiwa. Ukumbi ni wa wenye tiketi. Aliyekuja kumsindikiza mama yake anaagana naye nje. Kila kimoja kati ya hivi kina maelezo. Usalama wa nyaya za umeme mkubwa, viti vyenye namba, kumbukumbu ya msongamano na wizi wa treni za zamani. Nayakubali yote. Lakini weka hesabu mezani: safari ya Morogoro inachukua kama saa mbili. Abiria anakaa stesheni muda uleule atakaokaa njiani. Tumenunua treni ya kilomita 160 kwa saa, kisha nusu ya kasi yake tumeiacha kwenye kiti cha kusubiria.

Baadhi ya nchi zenye treni za kasi kubwa kuliko yetu huruhusu abiria wengi waingie dakika chache kabla ya kuondoka, na hazina ukaguzi wa aina hii kwenye safari za kawaida. Sisemi tuige kila kitu. Nasema mtu wa Morogoro anayekuja kununua vipuri Gerezani na kurudi jioni ndiye abiria ambaye stesheni ya katikati ya mji iliwekwa kwa ajili yake. Yeye akiambiwa apoteze saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, atapanda basi, na hatutamwona kwenye takwimu kwa sababu takwimu zinahesabu waliopanda.

Ukitoka nje ya jengo mambo yanakuwa mabaya zaidi. Kituo cha mwendokasi cha Gerezani hakiko mbali, lakini jaribu kukifikia na begi la magurudumu na mtoto mgongoni: vibanda, magari yaliyoegeshwa, mfereji uliofunuliwa, bodaboda kwenye njia ya miguu. Hakuna njia ya waenda kwa miguu yenye kivuli na alama inayosema mwendokasi ni huku, Kivukoni ni kule, Kariakoo ni pale. Mashirika mawili ya umma, la reli na la mabasi yaendayo haraka, yamefikisha abiria hadi umbali wa kutupa jiwe, kisha kila moja likaona kazi yake imeisha. Treni ya usiku ikiingia, mshindi ni dereva wa teksi. Nauli anayotaka kukupeleka Tegeta saa tano usiku inaweza kukaribia ile uliyolipa kutoka Dodoma.

Kuna na TAZARA, ambayo nayo iko Dar lakini haijawahi kufika Stesheni. Ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975 kwa upana wa milimita 1,067 ili ioane na reli za kusini mwa Afrika, wakati reli ya kati ina milimita 1,000 na SGR ina 1,435. Mji mmoja, reli za aina tatu, stesheni zisizoonana. Anayetoka Mbeya kwa TAZARA na anataka kuendelea Dodoma kwa SGR lazima apande daladala Barabara ya Nyerere aje mjini. Sitarajii mtu ahamishe reli. Basi dogo moja la kuunganisha stesheni hizo mbili siku za treni lingetosha, na halihitaji mkopo wa benki yoyote ya nje.

Na treni ya Mwakyembe? Hapa ndipo uamuzi mzuri umebakizwa nusu. SGR inapita juu na pembeni ya Buguruni, Vingunguti, Ukonga na Gongo la Mboto, maeneo yenye watu wengi sana, na ndani ya jiji haina kituo kingine zaidi ya Pugu. Treni ya masafa haiwezi kusimama kila mtaa, hilo liko wazi. Lakini reli ya zamani bado imelala chini, na mji umeongezeka tangu 2012. Fedha zinazozungumzwa kwa ajili ya barabara za juu zingeweka treni za mjini zinazoaminika, zenye ratiba ya kila nusu saa asubuhi na jioni, kuishia Stesheni. Hapo ndipo jengo la tanzanaiti lingepata watu wake wa kila siku, kwa maana maofisa wanaokwenda Dodoma vikaoni, kwa wingi wao wote, hawawezi peke yao kuijaza stesheni.

Wa mwisho ni abiria wa bara, yule wa asili. Treni ya zamani ya Kigoma ni mwendo wa kama siku mbili, na kwa watu wengi ilikuwa soko linalotembea. Unashuka Saranda unanunua wali, Tabora asali, unarudi Dar na mawese, migebuka na dagaa. Mama aliyepanda daraja la tatu na ndoo tatu hakuwa anasafiri tu. Ndoo zile ndizo zilizolipa nauli na ada ya shule. Reli ile ilimvumilia, kwa shida na harufu zote. SGR ya leo haina mahali pake. Hilo halijaleta kelele kwa sababu reli bado inaishia Dodoma, na anayetoka Dodoma hana ndoo.

Lakini inakwenda huko. Kipande cha Mwanza hadi Isaka kilianza kujengwa 2021, mkataba wa Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na njia ya Uvinza kwenda Musongati nchini Burundi imezinduliwa 2025. Siku treni ya kwanza ya umeme itakapotoka Kigoma, wafanyabiashara wadogo wa ziwani watakuja na mizigo yao getini, na jibu la "kilo zimezidi" litawarudisha kwenye malori. Behewa moja la mizigo ya abiria katika kila treni ya masafa marefu, lenye sakafu ya kuoshwa, mlango wake upande wa Gerezani na bei inayojulikana kwa kila ndoo na kila gunia, linaweza kuagizwa sasa wakati mabehewa mengine bado yanaagizwa. Likija kukumbukwa baada ya uzinduzi, litakuwa ni suala la kutengewa bajeti ya mwaka unaofuata, na tunajua mwaka unaofuata huwa mrefu kiasi gani.